Mzee Aligoma Kula, Nikalaumiwa Mimi

Jamani, mshawahi kusutwa kwa ajili ya pweza? Mimi nimesutwa. Tena kweupe, mbele za watu.

Nafanya kazi kwenye jumba la maonyesho ya samaki. Nasugua vioo vya matangi, nakata dagaa, nalisha. Pweza wetu tulimwita Mzee, kwa ubishi wake na ile ngozi iliyokunjamana.

Niliporudi tu kutoka likizo ya uzazi, Mzee akajichimbia pangoni. Kamba hataki. Kaa hataki.

Bosi akanijia juu. "Wewe unanuka maziwa! Ndiyo maana mnyama hali!"

"Kwani pweza naye ashawahi kunyonya?" fundi wa pampu akadakia. Watu wakaangua kicheko.

Mimi sikucheka. 

Maana ni bosi huyuhuyu aliyeninyima ruhusa ya kutoka mchana nimnyonyeshe mwanangu. Mdogo wangu humleta hadi getini. "Hapa si kliniki," bosi alisema. Basi mtoto analia kule, blauzi yangu inalowa huku, na kisu mkononi nakatia samaki chakula!

Siku hiyo tulikuwa na wageni, wanafunzi. Bosi akanitupia fimbo. "Mchokoe atoke. Asipotoka yeye, utatoka wewe. Moja kwa moja."

Nikapanda ngazi nyuma ya tangi, nikamulika tochi pangoni nijue pa kuchokoa.

Nikaganda.

Juu ya pango vilining'inia vishada vyeupe, kama punje za mchele zilizotungwa uzini. Mayai! Na Mzee, kakonda huyo, anayapulizia maji polepole.

"Fundi! Njoo uone! Mzee ni mama!"

Fundi akachungulia, akashika mdomo. "Kumbe! Pweza jike akishataga hali tena. Hulinda mayai mpaka afe."

Nikashuka. Nikaweka fimbo miguuni pa bosi. "Simchokoi mzazi. Nifukuze."

Hakunifukuza. Alikimbilia simu.

Kesho yake, bango kubwa getini: MAMA ASIYEBANDUKA KWA WANAWE! NJOONI MUONE!

Foleni ikafika barabarani. Na chini ya bango hilohilo, mdogo wangu kasimama juani, mwanangu analia mpaka sauti imekauka.

Nikavua aproni. Nikaipasua foleni, nikamchukua mwanangu, nikaketi palepale chini ya bango, nikajifunika kanga, nikamnyonyesha.

Bosi akaja mbio. "Unaniaibisha mbele ya wageni!"

"Basi wasomee bango lako, bosi. Kwa sauti."

Bibi mmoja kwenye foleni akalisoma yeye, neno kwa neno. Kisha akamgeukia bosi.

"Na huyu naye mpe pango, mwanangu."

Foleni nzima ikapiga makofi.

Siku hizi nina kiti changu stoo ya ndoo, nanyonyesha kila mchana. Mama wa pangoni alikufa juu ya mayai yake. Nilimtoa kwa mikono yangu. Bosi aliuliza tu kama bango bado linafaa.

Ndugu zangu, watu humpenda sana mama akiwa nyuma ya kioo. Wewe mpende huyu aliye mbele yako, anayekuomba ruhusa.