Ndoo ya Karani

Shayiri ikichemka pamoja na pumba, ikatiwa molasi kidogo, hutoa harufu nzito na tamu ambayo ni vigumu kumweleza mtu ambaye hakuamka nayo. Mimi niliamka nayo utoto wangu wote. Siku hizi, kila asubuhi, nampikia baba yangu uji wa shayiri jikoni kwangu hapa Kilburn, London, shayiri ya pakiti iliyolainishwa kama ya mtoto mchanga, na bado ikianza kutokota mkono wangu husimama na mwiko hewani. Huwa ndiyo kwanza nimetoka kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, miguu imevimba, na sina hamu ya kukumbuka chochote. Sijawahi kuwa mtu wa kuzitafuta kumbukumbu. Huja zenyewe, na aghalabu hunikuta nimechoka kiasi cha kushindwa kuzifukuza.

Tuliishi nyuma ya mabanda ya farasi, Nairobi, upande wa barabara ya Ngong, pale msitu ulipoanzia. Baba alikuwa saisi, yaani mtunzaji wa farasi: alimlisha, alimwogesha, alimpiga brashi, alimtembeza, akamfanyia kila kitu isipokuwa kumpanda siku ya mashindano, maana hiyo ilikuwa kazi ya joki. Mabanda yalikuwa ya mtu tuliyemwita Mwalimu. Alikuwa Mhindi mzaliwa wa Nairobi, mrefu, mkimya, mwenye sweta moja la kijani ambalo nadhani alizaliwa nalo, na kazi yake ilikuwa kuwafundisha farasi kukimbia. Nimewahi kusikia watu wakibishana ni nani alikuwa mkufunzi bora wa zama zile. Sisi wa mabandani hatukuona kwamba hilo ni jambo la kubishania. Wenye farasi walimletea wanyama walioshindikana kwingine, na baada ya miezi michache wanyama haohao walirudi na vikombe. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alipokasirika alizidi kunyamaza, na hilo ndilo lililotutisha.

Farasi wake walikuwa na majina marefu ya Kizungu yaliyoandikwa kwenye karatasi, lakini masaisi waliwabatiza upya. Kulikuwa na Bi Arusi, jike la kijivu ambaye hakukubali kutoka bandani kabla hajasuguliwa mpaka kwato. Akikanyaga tope aliinua mguu na kusubiri mtu aje amwondolee aibu hiyo. Kulikuwa na Kobe, ambaye alikimbia nyuma ya wenzake kwa uvivu mpaka kona ya mwisho, halafu akakumbuka kilichomleta, na watu waliokwisha kuanza kuondoka uwanjani wakarudi mbio kushika uzio. Shemeji alimpenda kila mtu na alikula kila kitu: maganda ya ndizi, kofia za wageni, na siku moja nusu ya daftari langu la hesabu, jambo ambalo mwalimu wangu wa shule hakuliamini hata kidogo. Na kulikuwa na Karani. Karani alikuwa dume la kahawia lenye paji jeupe, na alimkagua kila aingiaye bandani kwake kuanzia viatu hadi usoni, kana kwamba anadai barua ya utambulisho. Kwa karatasi alikuwa mali ya tajiri mmoja, lakini kwa ukweli alikuwa wa baba. Mchana jua likiwa kali alimwekea baba kichwa begani akasinzia vivyo hivyo wima, na baba alisimama bila kutikisika mpaka shingo ikamuuma. Mimi pia nilimpenda Karani. Naona ni lazima niliseme hilo sasa, kwa sababu yanayofuata yanaweza kumfanya mtu afikiri vingine.

Mwalimu alikuwa na desturi moja ambayo sijaisikia kwa mkufunzi mwingine. Alfajiri ya siku ya mashindano alipita banda kwa banda, na kwa kila saisi aliuliza neno moja tu: "Amemaliza?" Alikuwa akiuliza kuhusu chakula cha jioni. Farasi mwenye afya humaliza. Akibakisha, kuna kitu kinamsumbua hata kama anarukaruka. Saisi akijibu, "Amebakisha, Mwalimu," basi, farasi yule hakimbii siku hiyo, hata kama mwenye farasi amesafiri kutoka Ulaya kuja kumtazama. Mwalimu hakuinama kuchungulia ndoo. Alichukua neno la saisi akaenda banda linalofuata, na masaisi walitembea siku nzima vifua mbele kwa ajili ya neno hilo moja. Nimefanya kazi miaka mingi katika mji huu, kazi ambazo kila kijiko cha chakula anachokula mgonjwa huandikwa na kutiwa saini na watu wawili, na sijamwona tena mtu akiaminiwa namna ile.

Mwaka ninaousema nilikuwa darasa la sita. Ilikuwa likizo ya Agosti, ile baridi ya Nairobi ya mawingu na manyunyu ambayo wageni hawaamini kwamba ipo. Likizoni kazi yangu ilikuwa kuamka alfajiri, kupita kwenye mabanda manne ya baba, kukusanya ndoo na kuzipanga mlangoni ili azione kabla sijaziosha. Jumapili ya mwisho ya mwezi kulikuwa na mashindano makubwa, na hakuna aliyekuwa na shaka kwamba Karani angeshinda, kwa kuwa alikuwa ameshinda mwaka uliotangulia. Mshindi alipigwa picha, na kwa Mwalimu ilikuwa ada kwamba saisi asimame katika picha hiyo pamoja na familia yake. Mwaka uliotangulia mimi nilikuwa kitandani na surua. Picha ilitundikwa ofisini kwa Mwalimu: baba na kofia yake mkononi, mama, mdogo wangu akilia, na Karani akimkagua mpiga picha. Mwaka mzima, kila nilipotumwa ofisini, niliitazama picha ile nikajitafuta, ingawa nilijua fika kwamba simo. Safari hii mama alikuwa amenishonea gauni la njano. Nililijaribu mara nyingi mpaka akalificha juu ya kabati.

Alfajiri hiyo ya Jumapili nilikuta ndoo ya Karani ina chakula zaidi ya nusu. Mwenyewe alikuwa amesimama pembeni, kichwa chini, na kwa mara ya kwanza hakunikagua. Nilijua maana yake. Watu wazima hupenda kusema mtoto hakujua alichokuwa akifanya, na huwa ni huruma nzuri, lakini mimi nililelewa katika jambo hilo na nilijua kuliko mtoto yeyote Nairobi. Nilisimama pale kwa muda, labda dakika nzima. Kisha nikaibeba ndoo hadi banda la pili, nikammwagia Shemeji, naye akamaliza kabla sijageuka. Nikairudisha ndoo tupu mlangoni, nikaipanga mstari mmoja na zile nyingine.

Baba alikuja, akaitazama ndoo, kisha akamtazama farasi, na hapo alikawia. Akampitisha kiganja kifuani. Akaweka sikio kwenye mbavu. Akasema polepole, kama mtu anayezungumza na nafsi yake, "Macho yake leo siyapendi." Halafu akaniita. "Mwende, ulipofika ndoo ilikuwa hivi?" Nikamwambia, "Ndiyo, Baba." Mwalimu alikuwa ameshafika mlangoni na sweta lake la kijani. Akauliza, "Amemaliza?" Baba alimgeukia Karani tena. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, naona jinsi anavyoigeuzageuza brashi mkononi, na moyoni nilikuwa naomba aseme ninachotaka. Alisema, "Amemaliza, Mwalimu."

Karani alikimbia. Aliongoza tangu mwanzo, kwa sababu hakujua mahali pengine pa kuwa, na nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Alipofika kona ya mwisho alipunguza mwendo, akayumba kuelekea ukingoni, akapiga magoti, akalala. Joki aliinuka mzima. Baba aliruka uzio, jambo lililokatazwa kabisa, akakimbia na kwenda kukaa kwenye nyasi akiwa amemshika Karani kichwa, na hakukubali kuondoka hata ilipokuwa wazi kwamba hakuna tena wa kushikwa. Daktari wa mifugo alisema homa ya mapafu ilikuwa imemwingia tangu usiku, na kwamba farasi mwenye homa ile hagusi chakula. Alilisema hilo Mwalimu akiwa amesimama bega kwa bega na baba. Mwalimu alimtazama baba mara moja, akanyamaza.

Hakumfukuza. Afadhali angemfukuza. Mashindano yaliyofuata, alfajiri, alipita kama kawaida, na tulimsikia toka mbali: amemaliza? amemaliza? amemaliza? Alipofika kwa baba hakuuliza. Aliingia mwenyewe, akainama, akachungulia ndoo, akatoka. Ikawa hivyo kila siku ya mashindano, na baba akisimama kando na brashi yake. Alivumilia mpaka Desemba, kisha akaacha kazi, akawa mlinda lango wa shule ya msingi, na hakugusa farasi tena. Nilimsikia akimwambia mama, "Nilimwona ni mgonjwa, na nikaona amekula. Macho yangu yameharibika, siwezi kuyaamini tena." Alikuwa hajatimiza miaka arobaini. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, na sikutoka.

Mwanzoni nilinyamaza kwa kuogopa fimbo. Baadaye nilinyamaza kwa aibu. Baadaye tena ikawa nimechelewa, na mtu huzoea kuchelewa, anajenga humo na kukaa. Nilikuja Uingereza kusomea uuguzi, nikaolewa, nikaachika, nikabaki na binti yangu, Ndanu. Mwalimu naye, kama Wahindi wengi wa Nairobi, alikuja uzeeni kukaa na watoto wake huku London, Stanmore. Nililijua hilo kwa mwenye duka ninakonunua unga wa ugali, aliyefahamiana na familia ile. Nilijiambia nitakwenda kumwona siku ya mapumziko. Siku za mapumziko nililala. Majira ya baridi ya juzi mwenye duka aliniambia mzee amefariki. Nilimpa pole, nikabeba unga wangu, nikaenda nyumbani.

Baba amekuja kututembelea kwa miezi sita, na imebaki miwili. Kabla hata hatujatoka uwanja wa ndege aliniuliza Mwalimu anakaa upande gani, angependa kumsalimia. Nilipomwambia, alivua kofia, akaishika mpaka tukafika kwenye gari. Tangu hapo hukaa dirishani akitazama mabasi ya barabarani, na asubuhi, wakisubiri uji, humsimulia Ndanu habari za farasi. Ndanu huelewa kila neno na hujibu kwa Kiingereza, na baba huelewa nusu na kuendelea. Huanza na Shemeji kwa sababu anachekesha, huja Kobe, huja Bi Arusi. Akifika kwa Karani humaliza kwa maneno yaleyale, kwamba mwaka ule macho yalimharibikia.

Wiki iliyopita nilikuwa jikoni, sijavua sare ya kazi, uji uko motoni, naye akamfikia Karani. Ndanu akamwambia, "But Babu, maybe it wasn't your fault." Baba akatikisa kichwa. "Ilikuwa yangu, mjukuu wangu. Nani mwingine alikuwepo?"

Nilizima moto, nikamwambia. Nilimwambia nikiwa nimesimama, kwa sentensi tano au sita, ndoo, Shemeji, gauni, picha. Kwa miaka yote hiyo nilidhani ni maneno mengi. Baba alisikiliza akitazama meza. Nilipomaliza aliuliza, "Alibakisha nusu?"

"Zaidi ya nusu, Baba."

"Kwa hiyo niliona sawasawa," akasema. Akarudia, taratibu, "Niliona sawasawa." Usoni pake kulipita furaha, furaha kabisa, na sijui kama nimewahi kuumia kama nilivyoumia kuiona. Nilianza kuomba msamaha, akainua mkono kunizuia. "Ungeniambia siku ile, ningekuchapa, halafu jioni tungekula."

Ni kweli. Ndivyo mambo yalivyokwisha nyumbani kwetu zamani zile: fimbo, machozi, chakula, na kesho yake watu wanacheka. Kosa la siku moja lilikuwa na adhabu ya siku moja. Mimi nilikwepa fimbo tatu, nikalifuga kosa langu miaka arobaini mpaka likamla baba kazi yake na heshima yake, na likamfuata Mwalimu hadi kaburini akimwona rafiki yake kuwa mwongo. Hilo la mwisho sikulisema kwa sauti. Baba alikuwa amelifikia kabla yangu.

"Huko Stanmore ni mbali?" akauliza.

"Ni treni hii inayopita hapo juu ya daraja. Vituo vinane."

Aligongagonga meza kwa kidole, nadhani akivihesabu. "Watoto wake wapo?"

"Wapo."

"Kesho twende."

"Kesho nina shift, Baba."

"Omba ruhusa," akasema, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu nikiwa msichana. "Utawaambia wewe. Mimi nitakaa tu nisikilize."

Nina miaka hamsini na miwili. Kazini ninawaamrisha wazee wa watu wameze dawa, nao wanameza. Nilichukua simu nikampigia msimamizi wangu, nikamwambia kesho sitaweza kufika. Aliniuliza kama tumefiwa. Nikamwambia ndiyo.