Mjusi wa Madam na Mgeni wa Ijumaa

Cheka sasa, umalize, kisha unisikilize. Kila niliyemhadithia jambo hili amecheka kwanza, na wengi waliacha kucheka walipoushika mkono wangu. Haya yamenitokea mimi mwenyewe, si shoga yangu wala jirani wa shoga yangu. Sikuwa na homa siku hiyo, sikuwa na njaa, na usingizi nilikuwa nimeulala wa kutosha. Tena ilikuwa mchana kweupe, jua la Dubai limesimama utosini. Ukitaka kusema niliota, itabidi utafute neno jingine.

Mimi ni mtu wa Mombasa. Hapa naishi Karama, chumba kimoja na wenzangu, kitanda changu cha juu, na kitanda cha chini analala Njeri, mlinzi wa ghala kule Jebel Ali. Kazi yangu ni ya nyumba. Asubuhi napanda basi hadi Al Quoz, upande wa majumba ulio nyuma ya karakana, kwa madam mmoja mwenye binti wa miaka minane aitwaye Mariam.

Mambo yalianza Mariam alipoletewa zawadi. Madam aliniambia inakuja joka. Joka lenye ndevu, la kutoka Australia! Nilisoma dua zote ninazozijua. Boksi lilipofunguliwa nikaona mjusi wa urefu wa kidole, na hizo ndevu zenyewe ni vimiba tu chini ya kidevu. Mariam akampa jina la Zaatar, kwa vile alikuwa na vidoadoa kama vya zaatar, yale majani makavu ya Waarabu yenye ufuta yanayopakwa kwenye mkate.

Sasa kama wewe ni mtu wa pwani, unajua tunavyoishi na mijusi. Hatuishi nao. Mjusi kafiri akionekana ukutani, kandambili inavuliwa, na anayempiga anaambiwa kapata thawabu. Mimi utotoni nilisifika kwa shabaha. Leo nimevuka bahari nije nilipwe kwa kumlea mmoja wao! Njeri alicheka mpaka kitanda kikalia.

"Yaani umetoka Mombasa kuja kubabysit mjusi?" akasema. "Aki hii Dubai itatumaliza."

Lakini kazi ni kazi, na kusema kweli nilikuwa na hamu ya kujua mdudu huyu anaishi vipi. Madam na mimi tukamwandalia nyumba. Ilikuwa sanduku refu la kioo, tukaliweka pembeni mwa ukumbi. Upande mmoja tuliweka jiwe bapa, na juu yake taa ya moto, ili aote jua. Upande wa pili ukaachwa wa baridi, na kijipango cha kujifichia, aende mwenyewe anakotaka. Juu kulikuwa na taa nyingine ndefu yenye mwanga kama wa jua, kwa ajili ya mifupa yake. Mimi nilitaka kumwagia mchanga chini, si ni mnyama wa jangwani? Madam akanikataza. Mjusi akiwa mdogo humeza mchanga ukamziba tumbo, kwa hiyo tulitandika vigae vitupu. Chakula chake kilikuwa nyenje wadogo, wasiozidi upana wa nafasi iliyo kati ya macho yake, nikiwapaka unga wa kalsiamu kama unavyopaka samaki unga kabla ya kukaanga. Na majani nilimkatia madogo madogo.

Haya yote niliyafanya kwa koleo. Kumgusa, hapana. Mariam alimweka begani, akamweka hata kichwani, na mimi nilikuwa nikisimama mlangoni huku vinyweleo vimenisimama. Kila akisema, "Auntie, mshike tu, hana neno," mimi nakumbuka vyombo ambavyo havijaoshwa.

Kulikuwa na jambo moja lililonivutia sana. Zaatar alikuwa anapunga mkono. Wallahi, si utani. Alikuwa anainua mkono mmoja, anauzungusha polepole hewani, anaushusha. Madam akanieleza kwamba watoto wa mijusi hawa hufanya hivyo mbele ya mkubwa wao, kama kumwambia: nakuheshimu, usinile. Nikasema basi huyu kalelewa vizuri, ana shikamoo yake. Tangu hapo nilianza kumpenda kidogo, kwa mbali.

Kiangazi kilipofika madam na Mariam wakasafiri. Mariam alilia pale mlangoni, akanikumbatia kiuno, akaniambia nimtunzie Zaatar. Madam alinivuta kando. "Baba yake yuko mbali, na huyu mnyama ndiye moyo wake," aliniambia. "Nikirudi nimkute hai." Hakusema asipomkuta nini kitatokea. Kulikuwa na haja ya kuambiwa?

Siku za mwanzo zilikwenda salama. Isipokuwa kwamba Zaatar alianza kupunga mkono akiwa hatazami kwangu. Alikuwa anatazama upande wa pili wa ukumbi, penye kiti kitupu, anapunga, anasubiri, anapunga tena. Niligeuka kutazama mara nyingi tu. Palikuwa na kiti na mto wake, basi. Nikajiambia labda anaona sura yake kwenye kioo cha kabati.

Ijumaa moja nikafungua mlango, nikafunga na kukomea nyuma yangu kama kawaida, nikaikuta nyumba baridi kama chumba cha nyama. Kiyoyozi cha nyumba ile huendeshwa na simu ya madam popote alipo, mimi sina pa kukigusa. Na taa ya moto ilikuwa imeungua. Zaatar alikuwa amelala upande wa kijipango, amegeuka rangi, mweusi kama kaa, macho yamefumba, tumbo limenywea. Nikagonga kioo. Hakusogea.

Nilimpigia madam, simu imezimwa. Nikampigia muuza wanyama, hakushika, nikakumbuka ni wakati wa swala ya Ijumaa na maduka yamefungwa. Balbu za nyumbani za siku hizi zina mwanga tu, joto hazina. Nje palikuwa na moto wa kukaanga yai, na ndani kiumbe anakufa kwa baridi, na sanduku lile mtu mmoja halibebi! Nikajaza chupa maji ya moto, nikaizungushia taulo, nikaiweka ndani ya sanduku. Ilibaki kitu kimoja tu, kumwinua nimlaze juu yake.

Sikuweza. Nilipeleka mkono mara kadhaa, na kila ukikaribia unarudi wenyewe. Nikajaribu koleo, nikaogopa nitamvunja mbavu. Nilisimama pale nikalia, na sioni haya kukwambia. Nilimlilia Mariam, nikaililia kazi yangu, nikamlilia na Zaatar mwenyewe, maana alikuwa mdogo mno na hana mtu isipokuwa mimi.

Ndipo niliposikia, "Hodi! Hodi wenyewe!"

Fikiri. Dubai hakuna mtu anayepiga hodi. Wahindi, Wafilipino, Waarabu, wote wanabonyeza kengele. Miaka niliyokaa huku sikuwahi kuisikia hodi ya Kimombasa, ile ya kuvuta mwishoni. Kwetu mtoto anafundishwa kwamba ukiitwa mchana wa jua kali usiitikie upesi, ngoja mwito urudiwe. Nilifundishwa na mimi. Lakini mdomo ulikuwa na kiu ya neno lile, ukajibu kabla yangu.

"Karibu!"

Nilipogeuka alikuwa tayari amesimama ukumbini, kando ya kile kiti. Mwanamke mtu mzima, amevaa buibui la zamani, amejifunika leso iliyopauka. Najua unachotaka kuuliza. Nilimtazama miguu, ndiyo, nami nimelelewa pwani. Ilikuwa miguu ya mtu, si kwato za jini, pekupeku, ina vumbi jekundu lisilofanana na mchanga wa hapa. Usoni hakuwa na hata tone la jasho. Na cha ajabu sikuogopa. Moyo ulikuwa unanidunda, lakini kwa hamu ya kujua.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona walia, na mwana yuwafa?"

Ni Kimvita kile cha bibi zetu, ambacho hata Mombasa sasa unakisikia kwa nadra. Akapita mbele yangu, akainama kwenye sanduku. Zaatar, ambaye hakuwa amesogea kwangu wala kwa chupa ya maji, akafumbua jicho. Akainua mkono, akauzungusha polepole. Na yule bibi akainua wake, akauzungusha vile vile, kwa mwendo ule ule, kama watu wawili wanaoamkiana njiani.

"Nimemwekea maji ya moto, bibi, ila siwezi kumshika," nikamwambia.

"Maji yatapoa. Huyu ataka moto wa mtu." Akanitazama. "Nipa wako kidogo, nimpe."

Sasa hapa ndipo penyewe. Mwingine angeuliza kidogo kiasi gani. Angeuliza moto gani huo, na unarudi lini. Lakini mimi nimefunzwa kwamba mtu mzima akikuomba kitu unacho, unasema chukua. Basi nikasema, "Chukua, bibi."

"Mkono upi?"

Swali lake lilikuwa la haki, naapa. Alinipa nafasi ya kuchagua. Na mimi ningefikiri ningempa wa kushoto, mkono usio na kazi kubwa. Lakini nani kwetu anampa mtu mzima mkono wa kushoto? Ningeona haya mpaka kaburini. Nikamnyoshea wa kulia, na chini yake nikautegemeza kwa ule wa kushoto, kwa heshima zote.

Akaushika. Haikuuma. Nilihisi kama mtu anayevuliwa glavu polepole, kutoka kwenye kiwiko hadi kwenye ncha za vidole. Kisha akafunika Zaatar kwa kiganja chake, na rangi ya Zaatar ikaanza kurudi, kwanza mkiani, halafu mgongoni, mpaka akawa wa manjano kama alivyozaliwa. Akalamba hewa. Akatazama huku na huku akitafuta nyenje!

"Haya, mshike," akasema bibi. "Sasa ni wako."

Nikamshika. Mimi huyu. Nikampakata kifuani kama kichanga, nikacheka na kulia pamoja. Nilipoinua macho nimshukuru yule bibi, hapakuwa na mtu. Mlango ulikuwa umekomewa kwa ndani, na kwenye kigae kando ya kiti palibaki vumbi jekundu kidogo. Nililifagia, kazi ni kazi.

Madam alipiga jioni. Ukumbini mna kamera, na alikuwa ametazama yote. Alikuwa anacheka kwa furaha. "Habibti, umemshika hatimaye! Lakini ulikuwa unaongea na nani? Umesimama umenyosha mkono kama mwombaji." Nikamwomba aniangalizie vizuri kama kuna mtu mwingine. Akasema ni mimi peke yangu, na Zaatar anapunga mkono.

Basi sema ni mimi niliyempa joto lile, kwa mkono wangu mwenyewe, na hayo mengine ni hofu na baridi. Njeri ndivyo anavyosema. "Hiyo ni stress, na hiyo AC yao. Enda hosi ucheckiwe." Nilikwenda. Daktari akapima damu, akapima mishipa, akasema mkono ni mzima kabisa. Kisha akaushika tena, akaita mwenzake naye aushike.

Maana mkono huu wa kulia haujapata joto tangu siku ile. Agosti, watu wanayeyuka kituoni, wenzangu chumbani wanaugombania wauweke kwenye paji la uso. Nikishika kikombe cha chai hausikii. Kitu kimoja tu duniani unakisikia, Zaatar akipanda akalala kiganjani. Sasa amekuwa mkubwa, anafika kwenye kiwiko, na hampungii tena mtu yeyote. Akilala pale, mkono mzima unakuwa wangu tena.

Mwaka huu nilipata likizo nikaenda nyumbani. Kadiri ndege ilivyokwenda mbali ndivyo baridi ilivyopanda, kiwiko, bega, na nilipofika Mombasa nilikuwa nasikia inaingia mbavuni. Nilijikaza, lakini likizo haikufika nusu, nikabadilisha tiketi. Mama yangu aliniona nikifunga begi. Akaukamata mkono wangu, akauzungushia leso, akausugua, akaupulizia, kama alivyofanya nilipokuwa mdogo nikitoka mvuani. Haukupata joto. Nikaona machozi yanamlenga.

"Huyo mjusi wa watu ana nini," akaniuliza, "ambacho mimi mamako sina?"

Nilimbusu, nikaondoka.

Wanasema mijusi hawa huishi miaka kama kumi hivi. Baada ya hapo joto langu litarudi kwangu, au litakwenda naye? Natamani yule bibi aje tena nimuulize, na kila Ijumaa mchana natega sikio. Hajaja. Kwa hiyo wewe ambaye umeacha kucheka, shika hili. Adabu ni nguo, ivae. Lakini mtu usiyemjua akikuomba kidogo cha kilichomo mwilini mwako, usikimbilie kusema chukua. Muulize atakirudisha lini, na usimpe mkono mpaka akujibu.