Sikio la Tembo

Jina lake la kuzaliwa pale kazini walishalisahau wote. Walimwita Bi Subana, kwa kile kikofia cha chuma anachovaa fundi kidoleni sindano isimtoboe, maana hakukivua hata akinywa chai. Alikuwa fundi cherehani wa bustani ya michezo, ile yenye farasi wa kuzunguka, kitreni, na bembea refu la kumpandisha mtu roho kooni. Alishona mavazi ya wanyama. Si nguo za kuvisha wanyama, la. Ni yale mavazi makubwa ya manyoya na sponji ambayo mtu huingia ndani mzima mzima, akafungwa zipu mgongoni, akatoka nje kuwapungia watoto mkono.

Wanyama waliobaki walikuwa wawili, simba na tembo. Simba alimshona mwenyewe, toka makucha hadi sharubu. Tembo aliletwa ndani ya kasha, ameshashonwa kiwandani, na kazi ya Bi Subana kwake ikawa kutia viraka. Jambo hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Ukimsifia tembo mbele yake, alikujibu, "Uzuri wa kununua."

Na ndani ya tembo alikuwamo wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Wajane hawa wawili waliishi nyumba moja yenye jiko moja. Asubuhi waligombana nani kamaliza sukari, jioni wakapatana juu ya chai isiyo na sukari. Wifi hakujaaliwa mtoto. Lakini ukimtafuta mwanamke aliyejua siri nyingi za watoto kuliko mama zao, ni yeye.

Ilikuwa hivi. Mvaa vazi haongei, ndiyo sheria. Ukishafungwa zipu huna mdomo wala jina, na nyuki akiingia humo mtafia pamoja kimya kimya. Basi watoto, kwa kuwa tembo hasemi, wakaanza wenyewe kumnong'oneza. Mmoja alimwambia kavunja kikombe kamsingizia paka. Mwingine alisema anaogopa kulala peke yake. Tembo aliinamisha lile sikio kubwa, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa mara moja, kwa uzito, kama mtu aliyepokea mzigo na kusema nimeubeba. Mtoto akaondoka anarukaruka. Ikawa desturi, na foleni ya sikio ikazidi foleni ya bembea.

Foleni hiyo Bi Subana aliiona kila siku kupitia dirisha la karakana yake. Hakuna mtoto aliyewahi kupanga foleni kuutazama mshono.

Ndipo zikaja habari za upanuzi. Uzio wa nyuma utabomolewa, bustani iende mpaka kwenye matete, na mambo yote ya msitu yaondoke. Sasa itakuwa dunia ya chini ya bahari. Kitreni kitavishwa kichwa cha nyangumi, kibanda cha barafu kitakuwa kombe la baharini, na hata farasi watakatwa miguu waote mikia ya samaki. Mnyama mmoja tu wa zamani ataachwa getini, wageni wa siku zote wasije wakadhani wamepotea njia.

Msanifu aliyechora mambo hayo alikuwa kijana mpole, mabomba ya michoro hayamtoki kwapani. Wakamwita Bwana Ramani. Alitaka kuwasikiliza wafanyakazi kabla ya kutia wino, basi akawakusanya mchana chini ya paa la farasi wa kuzunguka. Wanyama wakaja na vichwa vyao, maana wageni walikuwa bado wanapita, na mtoto haruhusiwi kuona kichwa kimevuliwa. Tembo aliketi ukingoni, mikono magotini.

Bi Subana hakumtazama mara mbili. Alijua humo yumo binti wa zamu, anayeshika nafasi siku wifi asipokuwepo. Wifi alikuwa ameaga asubuhi kwamba anakwenda hospitali kupimwa magoti.

"Shikamoo mama," Bwana Ramani akamgeukia. "Wewe hawa unawajua ndani na nje. Tumbakishe nani?"

"Marahaba, mwanangu. Hilo nalo la kuuliza? Simba."

"Wenzako wanasema watoto wanampenda tembo."

Hapo angenyamaza, mambo yangeishia hapo. Lakini ulimi hauna mfupa.

"Tembo kachoka," akasema. "Na aliyemo ndani kachoka kuliko tembo. Hujamwona anavyotembea? Kama gunia la mkaa lililoota miguu! Watoto hawampendi, wanamwonea huruma."

Watu wakaangua kicheko. Dereva wa kitreni akamchokoza, "We Bi Subana, huyo si wifi yako?"

"Wifi yangu ndiyo, lakini kweli haina wifi. Mtu akizeeka akae nyumbani. Wenzake wanalea wajukuu, yeye alee magoti."

Walicheka tena, ila kicheko hiki kilikatika njiani. Bwana Ramani akainamia mchoro wake, akatia alama. Tembo aliketi vilevile, mikono magotini.

Jioni ile wifi alirudi nyumbani, akavua viatu, akakaa.

"Magoti wamesemaje?" akauliza Bi Subana.

"Yako palepale."

Akasuuza kikombe chake akaenda kulala. Kesho yake sukari ikaisha, na hakuna aliyegombana. Bi Subana alishangaa kidogo, akasema moyoni, labda dawa za magoti zinapooza ulimi.

Haukupita muda ubao mkubwa ukasimamishwa getini, bahari ya buluu, samaki wa kila rangi, na katikati simba amevaa miwani ya wapiga mbizi. Bi Subana alisimama mbele yake kifua kimefura. Mshono wake wa shavuni, ule wa mzunguko, waliuchora hata huo! Kisha macho yakashuka pembeni, pale anapoketi tembo siku zote. Palichorwa dimbwi la pweza. Wifi aliitwa ofisini, akaambiwa kazi ya tembo inakwisha bustani itakapofungwa kwa ujenzi, akitaka atapewa kiti langoni akate tiketi. Alisema, "Asanteni," akaenda kuvaa.

Siku hiyo hiyo binti wa zamu aliingia karakana kupimwa, maana yeye ndiye atakayekuwa pweza.

"Mikono minane, bibi! Nitakuna pua kwa upi?"

"Utajua mwenyewe. Simama wima." Bi Subana alikuwa na pini mdomoni na moyo mweupe. "Afadhali pweza kuliko lile litembo. Siku ile ya mkutano nilikuonea huruma, jua kali vile na wewe umo ndani."

"Mimi? Siku ile sikuvaa."

"Nani alivaa?"

"Shangazi mwenyewe, wifi yako. Foleni ya hospitali ilimshinda, akarudi. Akaniambia nenda kapumzike, watoto wangu wananingoja."

Pini zikamtoka mdomoni moja moja, zikalia sakafuni. Binti akainama kuziokota, akasema, "Bibi, vipi?" Maneno ya Bi Subana mwenyewe yalikuwa yanamrudia. Gunia la mkaa. Alee magoti. Na yule mwenye magoti ameketi hapo hapo, mikono ameiweka juu yake, amefungwa zipu, sheria imemziba mdomo. Angekuwa wazi angejibu, tena angejibu vizuri, maana wifi kwa majibu hakuwa na mpinzani. Alitukanwa amefungwa.

Kuomba radhi hakujawahi kupita kooni mwa Bi Subana. Hata mumewe alikufa anaingoja. Jioni alichofanya ni kununua sukari, akaimimina karibu yote katika kikombe cha wifi.

Wifi akaonja. "Leo imekuwaje?"

"Imekuwaje nini?"

"Hii chai."

"Kunywa bwana, isipoe."

Akanywa mpaka chini. Hakusema tamu, hakusema chungu. Bi Subana alifungua mdomo, akaufunga, akalaumu upepo wa dirishani, akaenda kulifunga nalo.

Asubuhi alimfuata Bwana Ramani ofisini, hakungoja kuitwa.

"Nilikudanganya," akasema akiwa bado mlangoni. "Watoto wanampenda tembo. Mtoe simba wangu, mrudishe tembo."

Kijana alivua miwani. "Mama, ubao umeshasimama. Wakubwa wamekubali. Ndiyo maana niliuliza kabla ya wino."

"Basi futa wino."

"Hiki si kitambaa, mama, useme ufumue ushone upya."

"Kila kilichoshonwa hufumuliwa."

"Si hiki." Akakunja mchoro taratibu. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililouma. "Mimi mwenyewe nilimtaka tembo. Mwanangu alishamnong'oneza, mpaka leo hataki kuniambia alisema nini. Lakini nikasema, aliyemjua ndani na nje ameshatamka, mimi nani?"

Bi Subana alitoka akipita mlango wa nyuma, ili asikutane na miwani ya simba wake getini.

Siku ya mwisho kabla ya kufungwa, foleni ya sikio ilizunguka kibanda cha barafu mara mbili. Baina ya mtoto mwenye puto na mtoto mwenye kidonda cha goti alisimama mwanamke mzima, subana kidoleni.

"Bibi, hii foleni ya watoto," akasema mwenye puto.

"Na mimi ni mtoto wa watu."

"Una siri?"

"Ninayo."

"Kubwa?"

"Songa mbele wewe, unapitwa."

Zamu yake ikafika. Sikio likashuka, lenye viraka vyake mwenyewe, akaingiza uso humo. Palinuka jasho na sabuni ya nyumbani kwao.

"Wifi, ni mimi. Nilidhani humo hukuwemo." Akasogeza uso ndani zaidi. "Hapana. Usingekuwemo ningesema yale yale, na ubaya ungekuwa ule ule. Ni wivu tu. Mimi nashona na wewe ndiye unayependwa. Nilikwenda kumwambia Bwana Ramani afute, akakataa. Nimekutoa mahali pako kwa mdomo wangu, na sina namna ya kukurudisha. Nisamehe."

Akasubiri. Tembo hakutikisa kichwa.

"Mbona hakubali?" mwenye kidonda akauliza kwa sauti. "Bibi, umemwambia nini?"

Tembo akanyanyua mkono taratibu. Kwapani mshono ulikuwa umeachia, sponji imechungulia kama ulimi. Akaushikilia mkono pale pale juu, akangoja.

Bi Subana akachomoa sindano aliyokuwa akiichomeka kwenye ukosi wa gauni siku zote, uzi ukiwa umo. Akapiga goti moja mbele ya watoto wale wote akaanza kushona. Toka mdomoni mwa tembo, pale kwenye wavu wa kupumulia, ikatoka sauti ndogo ambayo miaka yote haijawahi kusikika bustanini.

"Ukinichoma, itakuwa mara ya pili."

"Tulia basi," akasema Bi Subana. Mshono ambao ungetosha kupitishwa haraka aliushona kidogo kidogo, sindano karibu karibu, kama vazi la harusi, ilhali jioni ile ile tembo alikuwa anaingia ghalani. Akafunga fundo. Akakata uzi kwa meno.

Akainuka, akatazama kichwa kile kikubwa cha kijivu kwa kitambo. Hakikutikisika. Akapisha.

Mwenye kidonda akasogea, sikio likashuka, akanong'ona neno fupi sana. Tembo akatikisa kichwa, mara moja, kwa uzito.