Nyayo Nilizofagia Kwenye Theluji

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi, hakukuwa na mfagiaji wa kunifikia Sydney nzima. Asiyeamini aje mtaani kwetu Rooty Hill aulize. Nilikuwa nikishika ufagio tu, vumbi linajipanga mstari lenyewe na kutoka mlangoni. Shule nilikuwa wa mwisho, sikatai. Lakini kufagia nilifundishwa na Bibi, na Bibi hakuwa na mchezo.

Bibi, mama yake baba yangu, alikimbia Burundi na mtoto mgongoni, akakaa kambi ya wakimbizi kule Kigoma miaka mingi, ndiyo baadaye tukaletwa huku wote. Kambini alikuwa anaamka kabla ya watu, anafagia uwanja mpaka nyayo zetu zote zinapotea. Manake mwenye kijicho akichota udongo wa unyayo wako, amekuchota wewe. Unabaki unatembea lakini hufiki. Tulipokuja Rooty Hill akakuta mbele ya nyumba ni zege tupu, zege ambalo hata tembo hawezi kuacha alama. Akafagia hivyo hivyo, kila siku.

Sasa msimu mmoja wa baridi, Anko Deo akaleta habari ya theluji. Anko Deo ni Mkongo wa Uvira, rafiki wa Baba, walikuwa wanapakia maboksi pamoja kwenye ghala moja kule Smithfield. Akasema ni aibu mtu kuzeeka nchi hii bila kukanyaga theluji. Mama alikuwa na shifti ya kutunza wazee. Tukaenda sisi: Baba, Anko Deo, Bibi, mimi, na mdogo wangu Eliya wa miaka mitano. Masaa sita kwenye gari, na Anko Deo aliongea yote sita.

Kule milimani tukakodi viatu vya theluji. Usifikirie buti. Ni kitu kipana kama ungo, unakifunga chini ya buti ili usizame, halafu unatembea kama bata mlevi. Baridi ilikuwa kali mpaka chai inatetemeka ndani ya chupa. Nilitema mate yakagonga chini kama karanga.

Bibi alisema yeye atabaki garini. Lakini alipochungulia nje akaona nyayo za watu waliotangulia, kila moja imekaa kamili, akanivuta mkono.

"Jeni, umeona hayo?"

"Nimeona, Bibi."

"Hapa mtu hachoti udongo. Hapa anabeba unyayo mzima kama sahani. Tembea nyuma ya wote, ufagie. Baba yako usimwambie, siku hizi amekuwa mtu wa kanisa sana, atanihubiria."

Nikaokota tawi la mkaratusi lenye majani yake. Na nilifagia, jamani. Theluji ilikuwa mpya, laini kama unga wa muhogo. Wao wanatembea mbele wanapiga soga, mimi nyuma nafuta. Nikimaliza kipande, hata mlima wenyewe hausadiki kama kuna mtu kapita.

Njia ilikuwa na fito zimesimikwa kuonyesha pa kupita. Anko Deo akasema fito ni za watu wasio na macho, yeye amekulia msituni.

"Deo, wewe umekulia Uvira mjini, nyuma ya soko," Baba akamwambia.

"Soko lilikuwa na miti."

Basi tukaacha fito, tukaingia katikati ya miti mpaka kwenye jiwe moja kubwa, tukapiga picha. Tukiwa hapo wingu likashuka. Ukinyoosha mkono, vidole vinakuaga. Baba hakushtuka. Akasema, "Tunageuka, tunafuata nyayo zetu."

Tukageuka. Nyuma yetu palikuwa safi kama shuka la bibi harusi.

"Deo," Baba akasema polepole, "tulikuja na helikopta?"

Anko Deo akafanya ishara ya msalaba. "Ndugu yangu, huu mlima unalamba nyayo."

Simu hazikuwa na netiwaki. Eliya akaanza kulia kwamba miguu inauma. Baadaye akanyamaza, na hapo ndipo nilipoogopa kweli, manake Eliya hajawahi kunyamaza tangu azaliwe. Baba akafungua koti lake, akamtia ndani. Nikaona midomo ya mdogo wangu imekuwa rangi ya majivu.

"Ni mimi," nikasema.

"Wewe nini?"

"Nimefagia."

Baba akatazama lile tawi mkononi mwangu. Hakuuliza nani kanituma. Alikuwa yule mtoto wa mgongoni, amekua na ule ufagio.

"Umefagia zote?"

Hapo ikabidi nitoe na dhambi ya pili. "Kila nikimaliza kipande nilikuwa naruka, naacha unyayo wangu mmoja."

"Wa nini?"

"Ili watu wajue nani kafagia."

Anko Deo alicheka, huku meno yanagongana. "Huyu mtoto hata akiiba ataacha kitambulisho."

Tukarudi hivyo. Baba na Eliya wanasimama juu ya unyayo wangu mmoja, hawatoki, mimi na Anko Deo tunatangulia kutafuta unaofuata. Nikiupata naita, Baba anakuja akifuata sauti yangu. Mwingine chini ya mti, mwingine kando ya gogo, mwingine nilikuwa nimejisifu mpaka nikaanguka, umebaki na alama ya makalio. Ule Baba aliusifia. Tukafika kwenye fito, na fito zikatupeleka garini.

Bibi alikuwa amesimama nje na ndala zake na kitenge, amezunguka gari mpaka amechimba mtaro. Tukamweka Eliya mbele ya hita. Alipoanza kulia tena, Baba akageuka, akafuta macho. Mimi nikamwambia Bibi, "Zangu sikufagia zote."

Bibi alikuwa ananisugua vidole. "Nani kaziokota?"

"Baba."

Akasugua muda mrefu. "Basi zimeokotwa na mwenyewe," akasema.

Kesho yake asubuhi nikasikia ufagio nje kama kawaida. Nikatoka. Zege lote safi, isipokuwa pale mlangoni, matope ya buti zetu yamekauka, buti kubwa na ndogo.

"Bibi, umesahau hapa."

"Sijasahau."

Tumeshamzika Bibi. Mimi sasa naendesha forklifti, ile gari ya kunyanyulia mizigo ghalani, na dereva wa kunifikia hayupo kuanzia Smithfield mpaka mwisho wa dunia. Kama unyayo unachoteka au hauchoteki, sijui. Mchungaji anasema ni upuuzi, na mimi sibishani na mtu mwenye maikrofoni. Ninachojua ni kwamba mkono ulionifundisha kufuta ndio uliokubali kuziacha nyayo, na kwa uzee ule mtu habadiliki kirahisi. Namshukuru Mungu kwa hilo, na kwa majivuno yangu pia namshukuru, msinicheke.

Eliya amekuwa jitu. Jumapili akitoka mpirani anapita kwangu St Marys, havui viatu, nimemsema nimechoka. Akiondoka mume wangu ananiletea ufagio. Namwambia auweke pale, baadaye. Nakaa kwanza na chai yangu nazitazama zile nyayo za matope, zimeingia mlangoni, zimekata sebule, zimefika mpaka kwenye sufuria.