Wigo wa Manyara Nilioung'oa kwenye Itongo la Baba

Nilijifuta jasho kwa mkono uleule. Nakiri mapema ili anayetaka kucheka acheke sasa, maana huko mbele nafasi ya kucheka itapungua.

Mkono wenyewe ulikuwa umetoka kuvunja tawi la manyara. Nililivunja makusudi, mbele ya wanawake wanne waliokuwa wakipalilia pamba kwenye shamba la jirani yetu mjane, nikiwafundisha jambo ambalo hakuna aliyeniuliza. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na C ya baiolojia, nayo C ikikaa kijijini bila mwenzake hujiona A. Hiyo ilikuwa miaka ya tisini. Vijana wa rika langu walikuwa wamekwenda Geita kushuka kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu. Mimi nilibaki nyumbani. Nilipoulizwa, nilijibu kwamba ninamtunza baba. Ukweli ni kwamba niliogopa mashimo, niliogopa kulala mahali nisipojua choo kiko upande gani, na aliyekuwa akitunzwa nilikuwa mimi.

"Mti huu hauna majani," nikawaambia. "Mnajua kwa nini?"

"Yamekwenda Geita na wenzako," akajibu mmoja bila kuinua mgongo.

Wakacheka. Nikaendelea kama mwalimu asiyesikia makelele ya nyuma ya darasa. Nikawaeleza kwamba majani yapo, madogo kama punje za mchele, ila huanguka upesi ili mti usipoteze maji. Kwamba vile vijiti vya kijani, vinene kama penseli, ndivyo vinavyofanya kazi ya majani. Kwamba ndiyo maana kiangazi kikiua kila kitu, manyara hubaki yamesimama kama hayakuambiwa. Nikawaonyesha maziwa meupe yanayotoka palipovunjika. "Tone moja likiingia jichoni," nikasema, "mtu anaweza kupofuka."

Kisha jua likanizidi, nikajifuta jasho.

Pilipili huwa inachoka. Manyara hayachoki. Nilipiga ukelele ambao, waliniambia baadaye, uliwatoa ng'ombe kwenye lambo. Nikajitupa chini. Nikamsikia jirani mjane akiita, "Mkwe! Lete ziwa hapa!"

Mkwe wake alikuwa ananyonyesha. Na dawa ya manyara jichoni, kwa wazee wetu, ni maziwa ya mama.

"Fumbua jicho, wewe mwanamume!"

"Mayu, mama yangu, ninakufa."

"Hufi. Ungekuwa unakufa usingekuwa na aibu. Fumbua!"

Basi nikakamuliwa maziwa jichoni, mwanamume mwenye ndevu, kichwa kikiwa mapajani mwa mjane, na mtoto mwenye maziwa yake akilia pembeni kwa wivu. Sijui kama ni maziwa yale au ni maji niliyomwagiwa baadaye ndoo kwa ndoo, lakini baada ya siku nne nilianza kuona tena. Nilichokiona kwanza ni watu wakicheka. Wanawake walishanipa jina: Mtoto wa Jicho. Niliitwa hivyo kisimani, mnadani, hata kanisani wakati wa kupeana amani.

Ningevumilia wiki tatu jina lingechoka lenyewe. Sikuvumilia. Nilichukua shoka na jembe nikaenda kuyalipiza manyara. Si yale ya mjane, yale sikuthubutu. Nilikwenda kwenye yetu.

Hapa lazima nieleze yetu yalikuwa wapi. Itongo ni mahali palipokuwa na mji wa watu kabla hawajahama. Sisi tulihamishwa nikiwa mgongoni, wakati watu walipokusanywa kwenye vijiji. Nyumba ya miti na udongo haikawii kuliwa na mchwa na mvua. Manyara hayaliwi na mchwa, mbuzi wala moto mdogo wa nyika. Ukipita porini ukakuta duara la manyara marefu kuliko nyumba, na ndani yake duara dogo zaidi, unajua hapa palikuwa na mji, na pale palikuwa na zizi. Wazee walitumia maziwa yake kuua chunjua na kulevya samaki madimbwini, sisi watoto tulitengenezea ulimbo wa kunasia ndege, lakini kazi yake kubwa ilikuwa hiyo: kusimama na kusema fulani alikaa hapa.

Kwenye itongo letu kulikuwa na babu. Alizikwa zizini, kama walivyozikwa wenye miji zamani, na ng'ombe wakapitishwa juu mpaka kaburi likalingana na ardhi. Hakuwekewa saruji wala jiwe. Baba alimjua alipo kwa hesabu ya hatua tatu kutoka kwenye manyara ya mlango wa zizi.

Na miezi ile baba hakuwepo. Alikuwa Shinyanga mjini kwa dada yake, akienda hospitali na kurudi, tumbo likimsumbua.

Mtu asiyesoma angekata manyara akaenda zake, na manyara yangechipua kwenye visiki, na kila tawi lililoanguka lingeotesha mizizi pale lilipolala. Lakini mimi nilikuwa na C. Nilijua. Kwa hiyo niling'oa visiki. Nikakusanya kila kijiti, nikavibeba vyote hadi juu ya mwamba ili visiguse udongo, nikaviacha vikauke, nikavichoma upande ambao moshi haukunifikia, kwa maana macho nilikuwa nimeshafundishwa. Ilinichukua karibu miezi miwili. Sijawahi kufanya kazi yoyote vizuri kiasi kile, si kabla wala baadaye. Nilipomaliza nikapima: tungeongeza mistari kumi na miwili ya pamba.

Baba alirudi. Daktari alikuwa amemwambia aende nyumbani, ale anachokipenda. Sisi sote tuliielewa sentensi hiyo. Siku ya pili akaomba nimpeleke itongoni, akaone mahali pake pa kulala, upande wa kushoto wa baba yake. Nilimpakia kwenye baiskeli. Njia nzima nilikuwa nikitunga maneno juu ya ile mistari kumi na miwili.

Alishuka, akasimama.

"Msomi."

"Naam, baba."

"Mlango wa zizi ulikuwa wapi?"

Nikamwonyesha mahali. Akahesabu hatua tatu, akaangalia chini, akatikisa kichwa. Akarudi, akaanzia pengine. Akahesabu tena. Mara ya nne miguu ilimchoka, akaketi kwenye udongo mwekundu nilioulima mwenyewe.

"Nilikuwa namjua kwa mti," akasema.

Wakati huohuo zikaja habari kwamba kampuni fulani inapima upande wetu kutafuta dhahabu. Serikali ya kijiji ikaamua kuandika kila itongo na mwenyewe kabla wageni hawajafika. Kamati ingepita, mzee mmoja mmoja angeonyesha manyara yake, jina lingeandikwa. Itongo lisilo na mwenyewe lingekuwa pori la kijiji, na kwenye pori la kijiji hakuna anayeruhusiwa kuzika, kwa sababu kaburi jipya ni dai jipya. Baba alikuwa na haja na mistari miwili tu kwenye daftari lile: jina la itongo na jina lake. Mwili wake ulikuwa umeshaanza kumwambia haraka.

Nikaenda kwa mjane. "Shikamoo, mayu. Naomba vijiti vya manyara."

"Marahaba. Vingapi?"

"Vya kuzunguka mji."

Akanipa panga. Nikapanda mchana kutwa siku tatu, duara kubwa na duara dogo, kwa kukisia. Yote yalishika. Hakuna hata kijiti kimoja kilichokufa, na hilo likanipa matumaini ambayo hata leo nayaonea aibu.

Kamati ilipofika, mzee mmoja alikishika kijiti kwa vidole viwili. Manyara ya wenzetu shina lake hulikumbatii kwa mkono mmoja.

"Kijana, wigo huu ni wa lini?"

Ningeweza kusema kweli. Badala yake nikasema, "Wa tangu babu, mzee. Ardhi ya hapa ni mbaya, hayanenepi."

Mzee akavuta. Kijiti kikatoka chote, na mizizi yake mifupi kama ndevu zangu za kidato cha pili. Watu wakacheka. Baba hakucheka.

Mjane akajitokeza. "Hapa ni kwao. Nililetwa kuolewa hapo jirani nikawakuta wanakamua ng'ombe."

"Mama, tungekuamini," akasema mwenyekiti, "lakini huyu ametudanganya mbele yako, ukanyamaza. Na vijiti tunaona vimekatwa kwako."

Wakaandika: pori la kijiji.

Tulirudi, mimi nikisukuma baiskeli, baba akiwa ameshika tandiko kwa mikono miwili. Tulipokaribia nyumbani akasema, "Ungewaambia umeyakata. Ujinga watu wanauelewa."

Alifariki kabla pamba haijafunguka. Tulimzika nyuma ya nyumba, kijijini, kwenye kiwanja alichopewa na watu waliomhamisha. Itongoni kulikuwa kumeshawekwa vigingi vya wapimaji vyenye vitambaa vyekundu.

Baada ya arobaini nilipanda manyara kuzunguka kaburi. Safari hii nilivaa mfuko wa nailoni mkononi. Mjane alikuja na mkwe wake, na yule mtoto ambaye niliwahi kula chakula chake, sasa anatembea. Mjane alisimama akanitazama nikichomeka kijiti baada ya kijiti, mpaka duara likakutana. Nilidhani atasema pole.

"Jicho lako si lilipona?" akasema. "Ungeishia hapo."