Siku Niliyomwambia Mkwe Auti

Mke wangu alikuwa amerudi kwao Kirongwe, simu yangu hapokei, na mimi kila Ijumaa baada ya sala ya alasiri niko hukohuko Kirongwe naamua mechi ya besiboli. Ndiyo, besiboli, ule mchezo wa Wamarekani wa gongo na mpira. Cheka tu, hata bodaboda aliyekuwa ananipeleka alikuwa anacheka.

Mchezo huu niliujulia chuoni, bara. Nilirudi Mafia na glovu kuukuu kwenye kiroba, nikawafundisha vijana wa Kirongwe, na toka hapo nikawa sina pa kutokea. Wakigombana kidogo tu, "Mwiteni refa!" Na aliyeupenda kuliko wote nani? Baba mkwe wangu. Mzee mzima, akakata minazi yake iliyochoka ili tupate uwanja. Sasa umwambie mtu kama huyo kwamba huji? Usipokwenda, umemsusa yeye na binti yake. Ukienda, unamwona mkeo kwa mbali, nyuma ya ua wa makuti, anakupa mgongo.

Aliondoka kwa ajili ya mama yangu, tunayekaa naye Kilindoni. Mama alimwambia mbele ya wageni kwamba mwanawe anamwagilia mti usiozaa. Mke wangu akanitazama mimi. Nami nikakoroga chai. Kesho yake akafunga nguo zake.

Basi nikawa namalizia hasira zangu uwanjani. Ugonjwa wa wachezaji wale ulikuwa adabu. Kijana kadaka mpira vizuri kabisa, anayekuja mbio ni mjomba wake, basi anampisha apite, na shikamoo juu! Jamani! Nilipiga kelele mpaka koo likakauka. "Mguse na mpira kabla hajafika kituoni, atoke, hutaingia motoni!" Nikawaambia ndani ya mistari hii hakuna mjomba, hakuna mkwe, kuna mpira tu. Taratibu wakashika. Wakaacha kupishana, wakajua kudaka kwa mikono miwili, wakaacha kulirusha gongo ovyo wakishapiga. Mchezo ukanoga, watu wakawa wanatoka mashambani mapema waje watazame.

Kisha mzee akamtuma mtu: Ijumaa nikija, baada ya mechi tutazungumza habari ya mke wangu. Wiki nzima sikulala vizuri. Nilipofika nikamwamkia, "Shikamoo, baba." "Marahaba. Mchezo kwanza, maneno baadaye." Akakunja suruali, akaingia kucheza.

Mechi ilikuwa inakwisha, upande wake uko nyuma kwa pointi moja, naye yuko kituo cha tatu. Mwenzake akapiga. Mzee akatoka mbio kuja kituo cha mwisho, kigunia cha mchanga nilichosimama nyuma yake; akikikanyaga tu, ni pointi. Mdakaji alikuwa mpwa wake. Mpira ukamfikia, nikaona mkono wake unasita, mara huyo, akamgusa mjomba wake kifuani. Mguu wa mzee ulikuwa bado haujafika kwenye gunia. Shubiri moja tu.

Wote wananitazama mimi.

Niliogopa, sifichi. Nikisema kafika, mpwa anajua, na mzee mwenyewe anajua, ataniona mwongo. Nikisema hakufika, ninamtoa mbele ya watu wake, kwenye shamba lake, mtu ambaye baada ya nusu saa nitakaa kwenye mkeka wake nimwombe mwanawe. Nilitamani mvua ishuke tukimbie wote.

"Auti!"

Ilitoka kali kuliko nilivyotaka. Mzee akabaki amepiga magoti, anahema. Akajipangusa mchanga, akanikazia macho, halafu akaangua kicheko. "Lo! Huyu hanionei haya hata kwenye minazi yangu!"

Baada ya magharibi tulikaa barazani. Hakuzunguka. "Aliyekataa kunidanganya mimi hatamdanganya mwanangu. Mchukue mkeo." Moyo ulinijaa furaha, karibu nimbusu mkono. Akamwita. Mke wangu akaja, akasimama mlangoni, hana hata mkoba.

"Ile auti yako nimeisikia toka jikoni," akaniambia. "Baba yangu umemtoa mbele ya Kirongwe nzima, hukutetemeka. Mama yako neno moja lilikushinda. Mimi nilidhani Mungu kakuumba hivyo, huwezi, nikaanza hata kukuonea huruma. Kumbe unaweza."

Nikamgeukia mzee. Akatikisa kichwa. "Hapo mimi simo, mwanangu."

"Nenda kaseme na mama yako," akasema mke wangu. "Ukishasema, nitakuja mwenyewe, hata kwa miguu."

Njia nzima, juu ya bodaboda, nikawa nayapanga maneno. Nilikuwa na hasira kweli, na niliyapanga vizuri, ya heshima lakini yaliyonyooka. Nilipoingia, mama alikuwa ameniwekea chakula, amekifunika. Akachungulia nyuma yangu.

"Peke yako? Mkeo yuko wapi?"

Nikamtazama. Naye alikuwa ananitazama usoni, anangoja.

"Kichwa kinamuuma, mama," nikasema. "Atakuja Ijumaa ijayo."

Akanipakulia wali, nikala.