Mtoto Atapakatwa na Nani

Mume wangu Vairavan amechapa kadi za mwaliko hapa Karaikudi, kusini mwa India, kwa miaka thelathini na moja, na sijui ni siku gani alifanya kazi hiyo bila hofu. Kwetu kadi si karatasi tu. Juu kabisa hukaa jina la mungu wa ukoo, kisha mababu waliotangulia, kisha ndugu, kila mmoja kwa nafasi yake, na ukimsahau mmoja umeanzisha ugomvi watakaourithi wajukuu. Vairavan husoma kila kadi mara tatu kwa sauti, kwa Kitamil chake cha kale kinachonifanya nitamani kumrushia mwiko. Wateja wanakipenda, ingawa nusu hawakielewi.

Mwezi uliopita alikuja Poongodi, mshona blauzi wa mtaa wa nyuma. Alikuwa anaandaa sherehe ya kumtoga masikio binti yake wa mwaka mmoja. Mtoto hatogwi hivi hivi. Sharti apakatwe na kaka wa mama yake, na kadi lazima imtaje. Poongodi ana kaka mmoja tu, Sevugan, aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki. Kadi zikiwa karibu kuchapwa, mumewe akapiga simu: mwenyekiti wa kijiji naye atajwe. Vairavan akamwingiza harakaharaka, na safari hiyo hakusoma tena. Kadi mia tatu zikapakwa manjano pembeni kwa baraka na kugawanywa.

Zikiwa zimebaki siku nne, Poongodi aliingia dukani akaweka kadi mezani.

"Kaka Vairavan, hebu soma hapa."

Akasoma. Mtoto atapakatwa na mwenyekiti wa kijiji. Jina la Sevugan halikuwemo popote. Mwenyekiti alikuwa ameketi mahali pake.

"Kadi zimefika kijijini kwetu tangu wiki iliyopita," Poongodi akasema. "Kaka yangu hajapiga simu, na mimi naogopa kumpigia. Asipokuja, mwanangu atakaa mapajani pa nani?"

"Pa mwenyekiti," nikasema. Mdomo wangu hauna breki. Poongodi hakucheka, alianza kulia, na nilijionea aibu.

Vairavan hakugusa chakula cha mchana. Aliiangalia mashine yake utadhani imemtukana.

"Ukikaa hapo jina litajiandika?" nikamwuliza. "Twende."

Tulibeba ndizi, nazi na tambuu kwenye sinia, tukapanda pikipiki kwenda kijijini kwa Sevugan. Njia nzima alikuwa akijizoeza kuomba radhi kwa maneno ya mashairi.

"Ongea kama mtu," nikamwambia mgongoni. "Ameshatukanwa vya kutosha."

Sevugan hakuwepo nyumbani. Mkewe alituelekeza kwa kidole, mtaa wa pili. Tulimkuta kwenye baraza ya jirani, miwani puani, kalamu mkononi, kadi yetu gotini. Alikuwa amemkata mwenyekiti kwa mstari mmoja mnyoofu, na juu yake alikuwa akiandika jina lake mwenyewe, taratibu, kwa herufi kubwa.

Niliketi kwenye ngazi bila kukaribishwa. Furaha ilinisahaulisha adabu.

"Ndugu yangu," Vairavan akaanza, mashairi yote yamempotea, "mimi ndiye mchapaji. Kosa ni langu, si la dada yako."

"Ni wewe?" Sevugan akamtazama juu ya miwani. "Afadhali umekuja. Una kalamu? Hii inakaribia kuisha."

"Hukukasirika?"

"Nilikasirika siku mbili. Mke wangu akaniuliza kama ni mwenyekiti aliyekuwa akimsuka dada yangu nywele akienda shule. Basi nikatafuta kalamu. Nimemaliza nyumba kumi na nane."

"Sasa mbona hukumpigia simu?" nikamwuliza. "Mwenzio analia kule."

"Nianze kupiga mimi? Mimi ndiye mjomba, shemeji."

Jeuri ya kiume haitibiki. Nikachukua simu ya mume wangu, nikapiga, Poongodi alipopokea nikafungua spika na kuibana kwenye sikio la kaka yake. Pumzi ya dada mtu tuliisikia sote. Vairavan alishika sinia kwa mikono miwili, machozi yakimdondoka juu ya ndizi, wala hakuyafuta.

Kisha sauti ya Poongodi ikatoka, ndogo:

"Kaka, umekula?"

"Bado," akajibu Sevugan na kuishika tena kalamu. "Nimebakiza nyumba nne."